Ghorofa saba ubavuni mwa nyumba ya marehemu baba

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Sinza, Dar es Salaam. Nimelifupisha: "Habari za kazi, kaka. Tunaishi kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Kiwanja cha ubavuni kimeuzwa, na sasa pamesimikwa bango kwamba mwenye kiwanja anaomba kubadili matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Tumesikia ni ghorofa saba, chini maduka, juu nyumba za kupangisha, na magari yataegeshwa chini ya ardhi. Mtaa umegawanyika. Wapo wanaosema tunachelewesha maendeleo, wapo wanaozunguka na daftari la sahihi za kupinga, na watu waliokuwa wakizikana sasa hawasalimiani. Mjumbe alipita na karatasi, kaka yangu akasaini kwamba hatuna pingamizi, akapewa laki tatu ya soda. Tunaweza kulizuia? Na hiyo sahihi inatufunga?"

Dada yangu, kabla ya yote nenda kapige picha lile bango. Lipige leo, tena mara mbili: moja kwa karibu, maandishi yote yasomeke, hasa tarehe, namba ya kiwanja na kitalu, nyingine kwa mbali kidogo, nyumba yenu ionekane pembeni. Mabango ya namna hii yana tabia ya kuanguka "kwa upepo" siku chache baada ya kusimikwa, na yakishaanguka hakuna anayekumbuka yalisema nini. Tangazo kama hilo hutoka gazetini pia, na ndani yake mna muda wa kuwasilisha pingamizi. Muda huo unahesabiwa tangu tarehe ya tangazo, hauanzii siku mtaa ulipochangamka. Katika miaka niliyokaa kwenye meza ya mipango miji nimepokea barua nzuri sana, zenye hoja za kweli, zikiletwa na wazee wanaotweta ngazini, wakati kikao kimeshakaa wiki mbili nyuma.

Halafu lisome vizuri. Bango linazungumzia jambo moja tu, kubadili matumizi. Hizo ghorofa saba mmezisikia kwa watu, na huenda hazijaandikwa popote pale. Kuruhusiwa kubadili matumizi ya kiwanja ni kitu kimoja, kibali cha ujenzi ni kingine. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, Sura ya 355, hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni halmashauri ya manispaa. Ombi la kubadili matumizi linapita kwenye kamati ya halmashauri na kwenda mpaka wizara ya ardhi. Likikubaliwa, hati ya zamani inarudishwa, inatoka nyingine yenye masharti mapya na kodi mpya ya pango la ardhi. Kibali cha ujenzi ndipo kinapofuata, na hicho kina michoro ya msanifu majengo na ya mhandisi, yenye idadi ya ghorofa, umbali kutoka mpakani, mahali pa majitaka na njia ya magari. Kwa hiyo mna milango miwili ya kubisha hodi, na hoja inayofaa mlango wa kwanza siyo lazima ifae wa pili. Kwenye mlango wa kwanza mnabishania kama mtaa wenu unabeba biashara na watu wengi zaidi. Kwenye wa pili mnabishania jengo lenyewe.

Katika milango hiyo miwili mjumbe hayumo. Mwenyekiti wa mtaa naye hatoi kibali cha ujenzi wala hakizuii. Barua ya serikali ya mtaa inamtambulisha mwombaji na kueleza hali ya mtaa, basi. Nalisema hili kwa sababu nusu ya ugomvi wa mitaa yetu unapigwa mahali ambapo uamuzi hautoki. Watu wanamnunia mwenyekiti, wanaitana wabaya kwenye kundi la simu, na faili liko manispaa, limetulia kwenye kabati, halijui kama kuna mtu analalamika.

Sasa nizungumze na wale majirani zako wanaotaka ghorofa, maana si wajinga na wengi wao hawajahongwa. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Kiwanja kilikuwa cha familia moja: nyumba mbele, banda la uani, choo, mti wa mwembe. Aliyepewa barua ya toleo, yaani ya kumilikishwa kiwanja, wakati huo, leo ni mzee sana au ni marehemu, na nyumba iko mikononi mwa watoto watano au saba ambao nyumba moja haiwatoshi. Kwao ghorofa la jirani linamaanisha kwamba na kiwanja chao kitapanda bei. Wengine tayari wana fremu mbele ya nyumba na wanahesabu wateja. Halafu kuna hoja kubwa zaidi. Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam watu 4,364,541, na ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao watu milioni moja walioongezeka wanalala mahali, na kama hawalali juu kwa juu mjini, wanalala kwa kusambaa mpaka huko ambako anayefanya kazi Posta anaamka saa tisa usiku. Mimi mwenyewe, ukiniuliza kama mpangaji wa miji, nitakwambia Sinza haiwezi kubaki ya nyumba za chini milele. Kwa hiyo usinitegemee kukuandikia barua ya kusema ghorofa ni laana. Ninachobisha ni ghorofa lipi, kwenye mtaa upi, na juu ya bomba lipi.

Nikuondolee pia hoja ambazo zitakupotezea muda. Sheria hailindi mandhari ya dirisha lako. "Wataleta wapangaji wa ajabu" si hoja ya mipango, na Sinza, kwa baa na gesti ilizonazo, haina uso wa kuisema. Kwamba mnunuzi ni mgeni, kwamba ana pesa, kwamba hakuja kujitambulisha kwa wazee, yote hayo yanauma, lakini afisa akiyasoma anafunga faili. Bei ya nyumba yenu nayo haishuki kwa sababu ya jirani kuwa na ghorofa. Ardhi mara nyingi inapanda, ila ni nyumba iliyo juu yake ndiyo inayokuwa taabu kuishi.

Hoja yenye mguu ni ile inayoweza kupimwa. Chukua majitaka. Tuseme ghorofa sita za juu zina nyumba nne kila moja, ni nyumba 24. Kila nyumba watu watano, ni watu 120. Kila mtu akitumia lita 80 tu kwa siku, hapo ni karibu lita 10,000 zinazoteremka kila siku kwenye kiwanja ambacho kilikusudiwa familia moja na karo lake. Gari la majitaka la lita 10,000 lingetakiwa kuja kila siku inayokucha, Jumapili na sikukuu. Haliji. Kinachotokea mnakijua: mvua ya masika ikipiga, chemba inafunguliwa usiku na mzigo unaachiwa mtaroni kuelekea bonde la mto. Kwa hiyo swali lenu kwa manispaa liwe la mstari mmoja: je, mtaa wetu una bomba la majitaka la umma ambalo jengo hili litaunganishwa nalo, na kama halipo, mwombaji ameonyesha mtambo gani wa kusafisha majitaka ndani ya kiwanja chake? Swali hilo halina namna ya kujibiwa kwa porojo.

Magari ni vivyo hivyo. Pimeni barabara yenu kwa futi ya fundi, mpate upana halisi kutoka ukuta hadi ukuta, mwandike. Kisha mwulize Zimamoto kama gari lao linaingia na kugeuka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina wajibu wa kuangalia michoro ya jengo kama hilo, na mtaa unaopita bajaji mbili kwa kusukumana haupitishi gari la kuzimia moto ghorofa ya saba.

Kivuli na upepo watu huvidharau, lakini vinapimika. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi, kwa hiyo jengo la mita 24 litatupa kivuli cha mita 14 kuelekea kusini. Mwezi Desemba jua linavuka, na kivuli cha mchana kinaangukia kaskazini, mita 7 hivi tu. Kama nyumba yenu iko kusini mwa kiwanja hicho, uani kwenu kutakuwa na giza la baridi Juni na Julai, na nguo zitaanikwa hadi jioni. Kama mko kaskazini mwake, jua mtalipata, ila mtakosa upepo wa kusi unaowapoza miezi hiyohiyo. Hukuniandikia mko upande gani. Ungeniandikia, ningejua nikupe barua ipi.

Na kuna suala la uani, ambalo wahandisi wetu wanaliona la kike na kulipita. Uani ndiko mnakopika, mnakofua, mnakokaa bila ushungi. Katika miji ya kale ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mji Mkongwe wa Unguja, mjenzi alijua kwamba dirisha halitazami ua wa jirani. Leo michoro inaletwa na vibaraza vinne vinavyoning'inia juu ya jiko la mtu. Hili linarekebishika kwa gharama ndogo likisemwa mapema: vibaraza vigeuzwe kuelekea barabarani, na madirisha ya upande wenu yawe ya juu, kuanzia usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Michoro ikishapigwa muhuri, hakuna atakayeigeuza kwa ajili ya jiko lako.

Lakini kama ningeambiwa nichague hoja moja tu katika barua yako, ningechagua neno ulilolitaja kwa kupita: magari chini ya ardhi. Hilo ndilo linalonitia hofu. Kuegesha chini ya ardhi maana yake ni shimo la mita tatu au nne, ukuta kwa ukuta na nyumba ambayo msingi wake, kwa ujenzi wa miaka ile, umeshuka futi mbili au tatu. Udongo ulio chini ya msingi wenu leo umetulia kwa sababu udongo wa jirani unauegemeza. Shimo likichimbwa bila ukuta wa kuzuia udongo kujengwa kwanza, udongo wenu unaanza kutembea kuelekea kwenye shimo. Nyumba haianguki siku hiyo. Kwanza mlango wa chumba cha upande ule unaanza kugoma kufunga. Kisha ufa mwembamba unatokea kwenye kona ya dirisha, unapanda kwa mshazari kama ngazi. Mvua ikinyesha na shimo likajaa maji, na mkandarasi akaweka pampu ya kuyavuta usiku na mchana, maji yanatoka na chembe za udongo, na ule ufa unaanza kuingia kidole.

Mji huu una kumbukumbu zake. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu asubuhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa baadaye kwamba ghorofa zilizosimamishwa zilizidi zile zilizoruhusiwa. Novemba 2024 Kariakoo tukaona jengo lenye maduka na watu ndani likianguka huku, kwa taarifa za siku zile, kazi ikiendelea sehemu yake ya chini. Sisemi jirani yako ni wa aina hiyo. Nasema sehemu ya chini ya jengo ndiyo isiyoonekana barabarani, na ndiyo inayomhusu jirani kuliko zote.

Kwa hiyo fanyeni hivi, hata kama mnadhani mtashinda pingamizi. Piteni nyumba nzima na simu mkipiga picha kila ukuta, kila kona ya dirisha na mlango, sakafu, ukuta wa uzio. Kila ufa uliopo, wekeni sarafu pembeni yake ili ukubwa uonekane, mwandike tarehe kwa penseli hapohapo ukutani, kwenye ncha mbili za ufa. Kwenye nyufa mbili tatu kubwa, gandisheni kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, kwa vijidonge viwili vya saruji. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika, na kioo hakibishani na mtu. Kama mtamudu, mhandisi aliyesajiliwa aje aandike taarifa ya hali ya nyumba kabla ya ujenzi na kuitia muhuri wake. Bila hiyo, siku mtakapolalamika mkandarasi atawaambia nyufa zilikuwepo tangu enzi za Mwalimu, na hamtakuwa na cha kumjibu.

Juu ya lile daftari la sahihi. Sahihi mia mbili zinapendeza, lakini kamati haihesabu vichwa, inasoma hoja. Nakumbuka mtaa mmoja, si wenu, ulioleta sahihi kurasa kumi na moja zikiambatana na barua ya mistari mitano iliyojaa "hatutaki". Kikao kilitumia dakika chache. Mtaa mwingine alikuja mama mmoja mstaafu na karatasi mbili: moja picha ya chemba inayofurika mbele ya shule, nyingine mchoro wa mkono wa mtaa wao wenye vipimo. Kamati ilikwenda kuona kwa macho, na mwombaji akarudishwa kupunguza ghorofa tatu. Andikeni barua fupi kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa ofisa mipango miji, diwani na mtendaji wa kata. Hoja nne hazizidi, kila moja na kielelezo chake. Ikabidhini masijala, na nakala yenu igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Muhuri huo utakuja kuwa na thamani kuliko barua yenyewe. Tena msijaze namba za vifungu mlizonakili kwenye barua ya mtu mwingine, kwa sababu Toleo la Sheria Lililorekebishwa la mwaka 2023 limepanga upya vifungu vingi, na barua yenye kifungu kisichohusika inawapa watu sababu ya kucheka.

Siku hizo hizo tarajieni wageni. Jengo la ukubwa huo linaingia kwenye utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na chombo cha taifa cha mazingira (wengi wanakijua kwa jina la NEMC), na mshauri anayeiandaa anatakiwa kuzungumza na majirani. Watakuja vijana wawili wapole, na karatasi yenye safu ya jina, namba ya simu, maoni na sahihi. Ile safu ya maoni ni nyembamba kama kamba ya kiatu. Wengi wanaandika "sawa" ili wamalize, na hiyo "sawa" inaishia kwenye kiambatisho cha ripoti kama ridhaa ya mtaa. Andika hoja yako kwa ukamilifu, hata kama itapita nje ya mstari, nawe upige picha ukurasa ulioujaza kabla hawajaondoka.

Umeuliza kama mnaweza kulizuia. Nikwambie ninavyoona: kuzuia kabisa ni vigumu, kulibadilisha ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, na hapo ndipo mtaa uliogawanyika unapoweza kukaa meza moja. Anayetaka bei ipande na anayetaka ua wake usichunguliwe hawana sababu ya kununiana. Jengo la ghorofa nne lisilo na shimo chini, lenye maegesho usawa wa ardhi, lililorudi nyuma kutoka mpakani, lenye mtambo wake wa majitaka, linawapa wote wawili sehemu kubwa ya wanachokitaka. Na mwenye kiwanja naye ana sababu ya kusikiliza, kwa sababu kila mwezi anaosubiri una gharama yake, na shimo ndicho kipande ghali kuliko vyote. Mwombeni kikao kupitia serikali ya mtaa, aje na msanifu wake na michoro, asitume dalali. Mkikubaliana, yaandikwe mbele ya wakili: hali ya nyumba zenu ilivyo leo, saa za kazi, nani anatengeneza ufa ukitokea na ndani ya siku ngapi, na nakala ya bima ya mkandarasi inayofidia watu wa nje ya eneo la ujenzi. Hii bima ya mwisho wengi hawaijui, na ndiyo inayolipa bila mtu kukimbizana na mtu.

Na kama ataanza kuchimba bila kungoja? Hapo mambo ni mepesi kuliko mnavyofikiri. Eneo la ujenzi linapaswa kuwa na bango la mradi linalotaja mkandarasi, mshauri na kibali. Lisipokuwepo, au namba ya kibali isipopatikana manispaa, pelekeni taarifa kwa maandishi kwa mhandisi wa manispaa na kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Manispaa ina uwezo wa kusimamisha ujenzi, na ile alama nyekundu ya X mnaifahamu. Kama ana kibali lakini anajenga zaidi ya kilichoruhusiwa, hesabuni ghorofa mlinganishe na kibali, mpeleke tena.

Mahakamani nendeni mwisho, mkijua njia yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, na zikipita siku 30 bila suluhu mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti hicho. Hiyo ni kesi kati yenu na jirani. Mkitaka kuishtaki halmashauri kwa kutoa kibali, ni habari nyingine: tangu 2020 mnatoa kwanza notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha shimo kukamilika, ndiyo maana mawakili huomba Mahakama Kuu zuio la kusubiri notisi iishe, wanaloliita zuio la Mareva. Zuio lolote litapimwa kwa vigezo vitatu vilivyowekwa kwenye kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969: kama kuna suala zito ambalo mwombaji anaelekea kushinda, kama bila zuio ataumia kwa namna isiyorekebishika, na ni upande upi utaumia zaidi. Zile picha zenye sarafu na kioo kilichokatika ndizo zinazojibu kigezo cha pili. Machozi hayajibu.

Sasa kaka yako. Karatasi aliyosaini, kwanza kabisa, haikupi wala haikunyimi wewe haki ya kuweka pingamizi. Wewe ni mkazi, andika barua yako mwenyewe. Yeye naye anaweza kuandika kwamba anaondoa ridhaa yake, akieleza kwamba hakuonyeshwa michoro, na aipeleke masijala ileile. Lakini swali lako limenionyesha tundu kubwa zaidi. Umesema nyumba ya marehemu baba, hukusema nani msimamizi wa mirathi. Kama hajateuliwa, basi kaka yako hakuwa na mamlaka ya kuifunga nyumba kwa sahihi yake, na hilo ni zuri. Baya ni kwamba hata ninyi hamna wa kufungua kesi kwa niaba ya nyumba, kwa sababu mali ya marehemu inasimamiwa mahakamani na msimamizi aliyeteuliwa. Mawakili wa upande wa pili wataliona hilo kabla ya kusoma ukurasa wa pili. Kaeni kikao cha ukoo wiki hii, mwandike muhtasari, mchukue cheti cha kifo, mwende Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi. Kaka yako aalikwe kikaoni kama wengine, msimfanye adui, maana mtu aliyetengwa na ndugu zake ndiye anayesaini karatasi ya pili. Na zile laki tatu, kama bado anazo, azirudishe kwa simu, asirudishe mkononi, ujumbe wa muamala ubaki na tarehe yake.